Nyonga ya bandia isiyouma nayo ipigwe picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu ambao wao wenyewe, au wazee wao, wamebadilishwa nyonga au goti. Wengi wetu hurudi Pemba tukiamini kwamba kazi imekwisha siku ya kutolewa nyuzi, na madhali mguu hauumi, hakuna haja ya kumrudia daktari. Imani hiyo ndiyo iliyomponza mama yangu.

Alibadilishwa nyonga ya kulia nje ya Zanzibar, akarudi Wete akitembea mwenyewe, na kwa miaka 12 hakulalamikia kitu isipokuwa kwamba hawezi tena kukaa mkekani na anaswali kwenye kiti. Kisha yakaja maumivu ya kinena kila anapoinuka. Tukadhani ni baridi yabisi, tukawa tunamkanda kwa mafuta ya makonyo, miezi ikapita. Alipopigwa eksirei, daktari aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha na kutuonesha kwa ncha ya kalamu: kichwa cha chuma kimepanda juu ndani ya kikombe chake cha plastiki, na nyuma ya kikombe, pale ambapo mfupa ulipaswa kuonekana mweupe, pana madoa meusi. Ule weusi ni mfupa uliokwisha kulika.

Hakukuwa na usaha wala homa. Kwa kila hatua, chuma husugua plastiki na kuipukusa chembe ambazo nyingi hazifiki hata mikroni 1, ilhali unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Seli za kinga huzimeza chembe hizo kama zinavyomeza vijidudu, lakini kijidudu huyeyushwa, plastiki haiyeyuki. Seli iliyoshindwa hutoa kemikali za kuita wenzake, nao wakija humeza na kushindwa vilevile, na kemikali hizo zikizidi huziamsha seli zinazobomoa mfupa, ambazo katika mwili wenye afya hubomoa kwa kiasi kile tu ambacho seli zinazojenga mfupa zinaweza kukirudishia. Mizani ikishaelemea, mfupa hupungua kimyakimya kwa miaka, na mara nyingi mgonjwa hahisi lolote mpaka kiungo kilegee au mfupa uvunjike.

Jambo hili madaktari wanalijua tangu zamani. John Charnley wa Uingereza, aliyeanzisha nyonga tunayoijua leo, kwanza alitumia plastiki iitwayo Teflon. Ikalika haraka na kuuletea mwili madhara, hata akajidunga chembe zake kwenye paja lake mwenyewe aone mwili utafanyaje, na mwaka 1962 akahamia plastiki ngumu zaidi, polithilini. Baadaye ikaja mitindo ya chuma juu ya chuma, iliyomwaga madini ya kobalti na kromi katika nyama na damu za watu, na aina moja iliondolewa sokoni duniani kote mwaka 2010. Plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi, ambayo ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, hulika kidogo sana kuliko ile ya mwanzo. Kwa hiyo si nyonga zote zilizo sawa, na mtu anapaswa kujua aliyonayo ni ipi.

Sisi hatukujua. Daktari alituuliza kampuni iliyotengeneza, ukubwa wa kichwa na mwaka wa upasuaji, tukaweza kujibu la mwisho tu, kwa sababu hospitali iliyompasua haikutupa hata kikaratasi. Pengine ingetosha kubadilisha kikombe peke yake, lakini hawezi kuagiziwa kikombe ilhali kipimo cha kichwa cha chuma hakijulikani, na kung'oa kila kitu kwa mama wa umri wake ni jambo la kutisha.

Naziomba hospitali zetu na wale wanaosafirisha wagonjwa wahakikishe kwamba kila aliyewekewa kiungo anarudi na kadi yenye maelezo hayo, na kwamba anaandikiwa tarehe za kupigwa picha kila baada ya miaka michache hata kama anatembea vizuri. Eksirei inapigwa hapa hapa Pemba. Nanyi mlio na wazee wa namna hii, itunzeni picha ya kwanza, kwa kuwa daktari huilinganisha na ya leo ili aone kichwa kimesogea kiasi gani. Ya mama tuliikuta juu ya kabati, imegandana kwa unyevu, na haikufunguka.

Msomaji wako,
Wete, Pemba