Redio ya babu na ulimwengu unaotanuka

Bahi, Dodoma
Jumapili usiku

Swahiba wangu Hamisi,

Habari za Tanga na familia? Huku ni kiangazi kikavu, upepo wa jioni unakusanya vumbi lote la Bahi na kulileta sebuleni. Mama hajambo, kila wiki anaulizia habari zako.

Siku ile kwenye simu uliniuliza nishati ya giza ni kitu gani na redio inaingiaje hapo, vocha ikaisha kabla sijafika popote. Swali lako sijalisahau, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Tangu miaka ya 1920 wataalamu wanajua kwamba ulimwengu unatanuka, galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, zinaachana. Walitarajia mwendo huo uwe unapungua, maana vitu vyote vinavutana, kama jiwe ulilolirusha juu linavyochoka njiani. Mwaka 1998 timu mbili, moja ya Saul Perlmutter na nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zilipima mwanga wa nyota zilizolipuka mbali sana, zikakuta kasi inaongezeka. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Hicho kinachosukuma ndicho kikaitwa nishati ya giza, na kwa hesabu za sasa ni kama asilimia 70 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Wewe, mimi, mibuyu na nyota zote kwa pamoja ni kama asilimia 5 tu. Nilipowaambia hivyo kidato cha tatu, darasa zima lilinyamaza, na mimi mwenyewe mwili ulinisisimka.

Sasa, kujua msukumo huo umekuwaje zama kwa zama kunahitaji futikamba isiyodanganya, na wewe fundi seremala unaelewa maana yake. Futikamba hiyo ipo. Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulijaa gesi ya moto, na ndani yake yalipita mawimbi ya sauti. Ndiyo, sauti! Ilipotimia kama miaka 380,000 gesi ikapoa, mawimbi yakakomea pale yalipofika na kuacha alama, kama mistari inayobaki kwenye tope la mbuga yetu maji yakikauka. Galaksi zikazaliwa kwa wingi kidogo zaidi kwenye alama zile. Kwa hiyo leo ukichagua galaksi yoyote, umbali wa kama miaka ya nuru milioni 500 kutoka hapo (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja) utakuta nyingine nyingi kuliko kawaida. Alama hiyo ilionekana mara ya kwanza kwenye ramani za galaksi mwaka 2005. Urefu wake halisi unajulikana; ukiona inavyoonekana ndogo au kubwa kutoka hapa, unapata umbali wake, na ukipima hivyo katika zama mbalimbali unaona ulimwengu ulivyotanuka hatua kwa hatua.

Redio inaingia hapa. Gesi ya haidrojeni, iliyomo ndani ya galaksi, hutoa wimbi lake lenyewe la redio, sentimita 21, yaani megahezi 1,420. Mholanzi Hendrik van de Hulst alilitabiri mwaka 1944, likanaswa mwaka 1951. Atomi moja husubiri kama miaka milioni 10 ndipo itoe wimbi hilo, ila haidrojeni ni nyingi mno, kwa hiyo mlio haukatiki. Wimbi likiwa safarini linavutwa pamoja na ulimwengu. Lililoondoka karibu miaka bilioni 8 iliyopita linatufikia likiwa na sentimita 42, kwenye megahezi 710. Maana yake, kadiri unavyoshusha masafa ndivyo unavyosikiliza zama za kale zaidi. Kumbuka kitufe cha redio ya babu yako, na betri tulizokuwa tukizianika juu ya bati ili tupate taarifa ya habari!

Wala wataalamu hawahitaji kuihesabu galaksi moja moja. Ukisimama usiku kwenye ukingo wa Kilimatinde na kutazama bondeni, huoni taa ya kila nyumba, unaona weupe wa kijiji kizima na unajua watu wako wapi. Ndivyo inavyofanya darubini ya redio ya CHIME kule Kanada: mabati manne yaliyopinda kama mifereji, kila moja mita 100 kwa 20, hayazunguki hata kidogo. Dunia ndiyo inayoyapitisha chini ya anga. Yanasikiliza megahezi 400 hadi 800.

Kazi ngumu ni kelele. Galaksi yetu yenyewe inanguruma katika masafa hayohayo kwa nguvu maelfu ya mara kuliko haidrojeni ya mbali, na simu na televisheni nazo zimejaa humo. Ndiyo sababu Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 kulinda utulivu wa nyika ya Karoo, mahali zilipo antena 64 za darubini ya redio ya MeerKAT, na sehemu moja ya SKA, mradi wa kimataifa wa darubini za redio, inajengwa hukohuko. Nchi 8 nyingine za Afrika ni washirika wa mradi huo, wakiwemo jirani zetu Kenya, Msumbiji na Zambia. Sisi hatumo, na inaniuma, Hamisi. Nikisimama nyuma ya shule usiku, nyika imenyamaza mpaka Manyoni, nawaza vijana wangu wangeweza kuwa wanasikiliza na wao.

Desemba ukija, shuka Dodoma mjini nitakupokea. Redio ya babu bado iko kwa shangazi yako? Njoo nayo. Masafa yake hayafiki huko kwenye haidrojeni, lakini nataka wanafunzi wakizungushe kile kitufe kwa mikono yao wakati nawaeleza.

Rafiki yako,
Lameki