Kesho Bali: mahekalu na vijiji vya mafundi

Jamani habari za jioni, kesho saa mbili kamili asubuhi wote muwe hapo mapokezi, basi halisubiri mtu maana ngoma ya Barong, yule mnyama mlinzi wa hadithi za Bali, pale Batubulan inaanza saa tatu na nusu na foleni za huku mmeshaziona wenyewe. Tukitoka hapo tunapita Celuk kwa mafundi wa fedha alafu Mas kwa wachonga mbao, bei ya kwanza wakitaja msiikubali, cheka kidogo shusha, wala hawakasiriki. Ila fundi mwenyewe akiwa anachonga usimbanie sana, kinyago kimoja kinakula siku kibao.

Mchana ni Goa Gajah, lile pango lenye mdomo wazi, kisha Tirta Empul kwenye chemchemi, hekalu la tangu mwaka 962. Lazima ujifunge kitambaa kiunoni, sarong zipo mlangoni lakini mwenye kikoi au khanga abebe yake, tutapendeza zaidi 😄. Akina dada mlio kwenye siku zenu, kwa mila zao hamuingii hekaluni, wala hamna haja ya kuniambia, kaeni tu nje mnywe madafu. Anayetaka kuoga kwenye zile bomba za maji ya chemchemi pale Tirta Empul abebe nguo ya kubadili. Na chenji ya rupia tafadhali!