Msiwafanye Wamarekani Weusi wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya gazeti lako kuhusu Wamarekani Weusi wanavyobaguana wenyewe kwa wenyewe kwa rangi ya ngozi. Mwandishi wenu amehitimisha kwamba watu hawa wanajichukia, kwamba utumwa uliwaachia maradhi ya akili, na dawa yao ni kufundishwa kujipenda. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Georgia, nahudumia wazee, na majirani zangu, wazee wangu na mchungaji wangu ni hao hao anaowaandika. Kwamba wanabaguana sibishi. Ninachobisha ni hicho alichokiita sababu.

Nikisema weupe humu nina maana ya watu weusi wenye ngozi nyeupe, kama tunavyosema nyumbani. Wazungu nitawaita Wazungu.

Tuanze na midoli, maana ndiyo nguzo ya makala yake. Miaka ya 1940 Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wanasaikolojia weusi, waliwapa watoto weusi midoli iliyofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza upi mzuri na upi mbaya. Wengi wakamchagua mdoli wa Kizungu kuwa mzuri. Mahakama ya Juu ilitaja kazi yao mwaka 1954 ilipokataza shule za serikali kutenganisha watoto kwa rangi. Mwandishi wenu anamwona hapo mtoto mgonjwa. Mimi namwona mtoto anayetumia macho yake vizuri. Moja ya sehemu zilizohusika na kesi hiyo ni wilaya ya Clarendon, South Carolina, ambako madai yote yalianza kwa wazazi weusi kuomba basi la shule, kwa sababu watoto wa Kizungu walikuwa wanapanda na wa kwao wanatembea. Mtoto anayepitwa na basi kila asubuhi, ukimwuliza mdoli upi mzuri, unategemea akujibu nini?

Mambo yenyewe yana mwanzo unaojulikana. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni mwenye shamba mwenyewe. Baadhi ya mabwana hao wakawaacha watoto wao jembeni pamoja na wengine, na baadhi wakawapendelea: huyu akafundishwa useremala, yule akawekwa kazi za nyumbani, mwingine akaandikiwa uhuru wake. Matokeo yameandikwa kwenye sensa ya 1860. Kati ya weusi waliokuwa huru, zaidi ya theluthi moja waliandikwa machotara. Kati ya watumwa ilikuwa kama mmoja katika kumi. New Orleans lilikuwapo tabaka zima la watu huru wa rangi, yaani weusi na machotara wasiokuwa watumwa, wenye nyumba na maduka, na baadhi yao walimiliki watumwa. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865 wote waliambiwa ni sawa, lakini wapo walioanza na ufundi mkononi na walioanza na mikono mitupu, na kwa wastani ungeweza kuwatofautisha kwa kuwatazama.

Waliotangulia wakafunga mlango nyuma yao, na kwa hilo sina utetezi wa kuwapa. Walianzisha vilabu ambavyo, ilisemwa, mtu haingii mpaka mishipa yake ya buluu ionekane kwenye kifundo cha mkono. Mwandishi Charles Chesnutt, mtu mweusi ambaye kwa rangi yake angeweza kabisa kujifanya Mzungu na hakufanya hivyo, alikitungia hadithi kilabu cha namna hiyo mwaka 1898. Wazee husimulia pia juu ya mfuko wa karatasi wa kaki uliowekwa mlangoni kwenye sherehe, aliye mweusi kuliko mfuko anarudishwa, na juu ya kitana kilichoning'inizwa kwenye mlango wa kanisa, nywele zikikikwamisha tafuta kanisa lingine. Habari za mfuko zimehifadhiwa zaidi midomoni kuliko kwenye maandishi, lakini sijakutana na mzee mweusi wa Kusini asiyezijua.

Na walikuwapo walioyapinga haya mapema, wakiwa humo humo ndani. Nannie Helen Burroughs, mzaliwa wa Virginia, alisoma Washington akatarajia kazi kwenye shule za huko, akaikosa, na inaelezwa kwamba weusi wake ulichangia. Mwaka 1904 aliandika makala kali akiwashutumu wanaume weusi wanaooa rangi badala ya tabia, na wanawake wanaojichubua ili waolewe. Miaka mitano baadaye akafungua shule yake mwenyewe ya wasichana, hapo hapo Washington. Sioni dalili yoyote ya kujichukia kwa mama huyu.

Bibi mmoja ninayemhudumia, aliyekulia Alabama, aliwahi kunieleza kwamba kwenye igizo la Krismasi kanisani kwao malaika walikuwa watoto weupe, na yeye, mweusi tii, akawa mchungaji wa kondoo kila mwaka. Hilo alinisimulia huku akicheka. Lililomkera ni jingine: duka kubwa la mjini lilipoanza kuajiri wasichana weusi wa kuendesha lifti, waliochukuliwa wote walikuwa weupe, akiwamo binamu yake waliyesoma darasa moja, na yeye akapelekwa jikoni. Aliyefanya uchaguzi huo alikuwa meneja wa Kizungu. Mwandishi wenu hakumtaja mtu huyu hata kwa mstari mmoja, na kwangu mimi ndiye mhusika mkuu. Kanisa linaweza kugawa nafasi za umalaika, lakini mishahara ilikuwa inatoka kwake.

Na bado inatoka. Mwaka 1991 wanasosholojia Verna Keith na Cedric Herring walichapisha utafiti uliotumia mahojiano ya kitaifa na Wamarekani Weusi. Walikuta kwamba hata ukiondoa tofauti za uwezo wa wazazi, rangi ya ngozi bado ilihusiana na elimu, kazi na kipato cha mtu. Mahakamani ni pabaya zaidi. Watafiti waliangalia kumbukumbu za wanawake weusi zaidi ya 12,000 waliofungwa North Carolina kati ya 1995 na 2009. Wale ambao maofisa wa magereza waliwaandika kuwa weupe walikuwa wamepewa vifungo vifupi kwa takriban asilimia 12. Wote ni wanawake weusi, jimbo ni moja. Halafu kuna kazi ya Jennifer Eberhardt na wenzake wa mwaka 2006 kuhusu Philadelphia, ambayo mimi niliisoma nikaifunga nikaenda kupika. Walichukua picha za wanaume weusi waliopatikana na hatia ya mauaji, wakawapa watu wasiojua lolote kuhusu kesi wazipange kwa namna sura inavyoonekana ya Kiafrika: ngozi, pua, midomo. Pale ambapo aliyeuawa alikuwa Mzungu, wenye sura za Kiafrika zaidi walihukumiwa kifo kwa asilimia 57.5, na wengine kwa asilimia 24.4. Hebu mwambie mtu wa kundi la kwanza ajipende.

Sheria yenyewe inakiri jambo hili lipo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya asili ya mtu na, kando yake, kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Kwa hiyo mweusi anaweza kumshtaki mweusi mwenzake. Hapa Atlanta mwaka 1989 mahakama ya shirikisho ilikubali kusikiliza madai ya mwanamke mweupe dhidi ya msimamizi wake mweusi zaidi. Mwaka 2003, Jonesboro, si mbali na ninapokaa, mgahawa mmoja ulilipa dola 40,000 kumaliza madai kwamba meneja mweupe alikuwa akimdhalilisha mfanyakazi kwa weusi wake. Inakwenda pande zote mbili, na weupe nao wana machungu yao, ya kuulizwa tangu shuleni kama ni weusi kweli. Siyadharau, ila kifungo cha jela na kuulizwa swali la kuudhi siwezi kuviweka kwenye mizani moja.

Hata historia ya ukombozi haikusalimika. Claudette Colvin alikataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi la Montgomery tarehe 2 Machi 1955, akiwa na miaka 15. Rosa Parks alifanya hivyo Desemba ya mwaka huo huo. Viongozi wa harakati walimwacha Colvin, wakasubiri mtu mwingine wa kumsimamisha mbele ya nchi. Sababu zilikuwa kadhaa: umri, umaskini wa kwao, baadaye na ujauzito. Mwenyewe alipozitaja uzeeni, weusi wa ngozi yake aliuweka humo. Lakini viongozi wale walikuwa wanapiga hesabu ya nani ataaminiwa na magazeti na mahakama za Wazungu. Waweza kuwalaumu kwa woga, hata kwa ukatili kwa binti yule. Kujichukia kungewapeleka kukaa kimya, na wao waligomea mabasi zaidi ya mwaka mzima.

Mwandishi wenu amemtaja Lupita Nyong'o kama mfano wa aliyejifunza kujipenda. Arudi aisome vizuri hotuba yake ya mwaka 2014. Lupita alisema alipokuwa mtoto alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe. Mtoto huyo alikulia Kenya, hakutokea kwenye shamba la pamba la Mississippi, kwa hiyo utumwa wa Marekani peke yake haulielezi jambo hili. Mama yake alimwambia uzuri hauliwi. Maneno ya hekima, na hayakumsaidia wakati huo. Kilichomgusa ni kumwona Alek Wek wa Sudan Kusini, mweusi kama yeye, akitembea kwenye majukwaa ya mitindo na dunia nzima ikimsifu. Maana yake kuna mtu aliyemwajiri Alek Wek akamlipa. Na mwaka ule ule wa hotuba, tangazo la kutafuta wasichana wa kuigiza kwenye filamu moja ya wanamuziki weusi wa mji wa Compton, California, liliwapanga kwa herufi, na daraja la chini kabisa likawekewa ngozi nyeusi zaidi. Walioliandika waliomba radhi baada ya watu kupiga kelele.

La mwisho ni lako wewe, Mhariri. Magazeti na majarida ya Wamarekani Weusi, Chicago Defender likiwamo na baadaye Ebony, yalichapisha matangazo ya krimu za kung'arisha ngozi kwa miongo mingi, kurasa chache tu kutoka kwenye habari za haki za mtu mweusi. Fedha hizo zilisaidia kuyaendesha, na wahariri wake walijua wanachokiuza. Makala ya mwandishi wenu nimeisoma kwenye nakala niliyotumiwa kutoka nyumbani. Nilipogeuza ukurasa nikakuta tangazo la losheni inayoahidi ngozi nyororo na nyeupe ndani ya wiki mbili, bila kutaja imetengenezwa kwa nini, katika nchi ambayo krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku. Naomba wasomaji tuelezwe gazeti linapokea matangazo hayo kwa utaratibu gani, na kama kuna anayeuliza kilichomo ndani ya chupa kabla ya kupokea malipo.

Msomaji wenu,
Atlanta, Georgia