Tiketi inayokuruhusu kubaki nyumbani

Wakati wa UVIKO-19, mteja wetu mmoja alitupigia simu usiku wa kuamkia safari yake. Sauti ilikuwa imekwaruza na kila baada ya maneno matatu alikohoa. Alichotaka kujua ni kama dawa ya homa ingemwezesha kupita kwenye kipimajoto cha uwanja wa ndege. Tulipomsihi aahirishe, alijibu kwa maneno manne: "Na hela yangu je?" Tiketi yake ilikuwa ya bei ya chini kabisa, haibadilishwi tarehe wala hairudishiwi pesa, na sisi ndio tuliomkatia.

Simu ile ilitugusa, na tangu hapo hatuuzi safari kwa namna ile kipindi cha mlipuko wa ugonjwa. Wateja wakituuliza habari za usalama huwa wanawaza barakoa na vitakasa mikono. Ni vya lazima, lakini kinga huanza siku ya kukata tiketi. Mtu anayejua kwamba akiugua atapoteza akiba yake yote atasafiri hivyo hivyo na homa yake, atakaa saa nane bega kwa bega na mzee wa watu, na wala hatasema neno.

Kwa hiyo ukija kwetu tutakutajia kwanza bei ya tiketi inayobadilika, na masharti yake tutakusomea kabla hujalipa. Sikiliza vizuri hapo, maana "kubadilisha" na "kurudishiwa" ni vitu viwili. Tiketi nyingi zinazokubali kubadilishwa tarehe bado zitakudai tofauti ya nauli, na nyingine ukizifuta unapewa vocha tu. Bima ya safari nayo ina mitego: zipo ambazo hazilipi chochote kinachotokana na janga, na nyingine hazilipi kama ugonjwa ulikwisha kutangazwa kabla hujanunua bima. Shirika la Afya Duniani lilipoitaja UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, aliyenunua bima ya namna hiyo siku iliyofuata alikuwa amechelewa.

Jambo la pili ni saa, na hapa ndipo tuliposhuhudia machozi mengi. Nchi nyingi zilidai cheti cha PCR, kile kipimo cha maabara kinachotafuta kirusi, kisichozidi saa 72. Saa hizo kwa kawaida huanza kuhesabiwa pale kijiti cha pamba kinapoingia puani, hata kama majibu yametoka kesho yake. Tuseme ndege inaondoka Alhamisi saa nne usiku. Ukipima Jumatatu saa tatu asubuhi, siku ya safari utakuwa na cheti cha saa 85, na utarudishwa na mabegi yako. Ukipima Jumanne saa tatu asubuhi, unaondoka ukiwa na saa 61, na zile 11 zilizobaki ndizo zitakazokuokoa ndege ikichelewa. Lakini uliza pia: wanahesabu hadi unapoondoka au hadi unapofika? Kwenye safari ya kuunganisha ndege mbili, jibu la swali hilo linaweza kukupotezea saa 11 zote. Cheti kikitoka, kiweke kando ya pasipoti yako ukilinganisha namba tarakimu kwa tarakimu. Kosa la tarakimu moja linatosha kukuzuia kwenye kaunta.

Hata karatasi zikikamilika, mpaka unaweza kufungwa ukiwa safarini. Aina ya kirusi cha UVIKO-19 iitwayo Omicron ilipewa jina tarehe 26 Novemba 2021, na ndani ya siku chache nchi kadhaa zilikuwa zimesitisha safari kutoka kusini mwa Afrika. Ndiyo maana tunasisitiza: kama una dawa za kila siku, za presha au kisukari, beba za wiki mbili zaidi, na ziwe kwenye begi la mkononi.

Kuhusu hewa ya ndani ya ndege, hofu ya watu wengi imepotea njia. Ndege kubwa nyingi za abiria zina vichujio vya HEPA vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hewa hubadilishwa takriban mara 20 hadi 30 kwa saa. Vichujio havimzuii jirani anayekukoholea usoni, lakini mahali pa kuogopa zaidi ni foleni ya ukaguzi, basi la kuwapeleka abiria kwenye ndege, na zile dakika ndege imeegeshwa watu wamebanana njiani huku mfumo wa hewa ukiwa umezimwa au kupunguzwa. Hapo barakoa isishuke kidevuni. Ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe, ila iwe imekaa sawasawa: kama miwani yako inaingia ukungu, hewa inapita juu, bana kile kiwaya cha puani.

Yule mteja hatimaye alikubali kubaki, nasi tukalibana shirika la ndege mpaka tarehe ikasogezwa. Kesho yake alipimwa na kukutwa na UVIKO. Alisafiri wiki tano baadaye, mzima. Ukiamka na homa siku ya safari, tupigie kabla hujamwita dereva. Swali letu la kwanza litakuwa unaendeleaje, ya tiketi tutayashughulikia wewe ukiwa kitandani.