Njia ya baiskeli ianze na udongo, si kilomita

Mhariri,

Makala yenu kuhusu njia za changarawe za kuendeshea baiskeli karibu na Nairobi ilitaja umbali wa kila njia, ikasifu mandhari na hata kutupa bei za baiskeli. Udongo haukutajwa mahali popote. Kisha msomaji akaambiwa aende kando ya mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mwea mwezi wa Aprili, yaani katikati ya masika. Atakayefuata ushauri huo atarudi mjini Wang'uru, mji wa huko Mwea, ameibeba baiskeli begani.

Magharibi na kaskazini mwa Nairobi, kuanzia msitu wa Karura kupitia Kiambu hadi Limuru na Tigoni, udongo ni mwekundu. Ukielekea Embakasi, Athi River na Kitengela unakuta udongo mweusi, ule unaowatoa jasho wajenzi wa nyumba. Mwekundu ukinyeshewa huteleza, lakini maji hupenya, na jua likiwaka siku moja au mbili njia inapitika. Mweusi hauna msamaha. Ukilowa hufura na kunata, ukikauka hunywea na kupasuka. Sehemu kubwa ya mashamba ya mpunga ya Mwea imekalia udongo huo mweusi, na mpunga unaupenda kwa sababu maji hayazami upesi. Kinachomfaa mkulima ndicho kinachomkwamisha mwendesha baiskeli.

Kupima ni rahisi. Chota udongo kiasi cha limau, uloweshe kidogo, uufinyange kisha uuviringishe viganjani hadi uwe kamba nyembamba kama penseli. Jaribu kuikunja iwe pete. Ikikatikakatika, njia hiyo itavumilia manyunyu. Ikikunjika bila ufa, mvua ikianza kunyesha tafuta lami.

Tueleze linalotokea, kwa maana baiskeli nyingi huharibika kwa namna hiyo hiyo moja. Tairi huokota tope tabaka juu ya tabaka, likichanganyika na nyasi na mabua mpaka linakuwa kama matofali. Nafasi kati ya tairi na fremu kwa kawaida ni milimita chache tu kila upande, nayo hujaa ndani ya dakika. Gurudumu likikataa, mwenye baiskeli hukanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo anapokosea. Cheni iliyojaa tope haipiti tena kwenye magurudumu madogo ya mkono wa gia, ule unaoning'inia nyuma. Mkono unavutwa juu, unaingia kwenye spoki, na kile kipande chembamba cha alumini kinachoushikilia kwenye fremu kinakatika. Kimetengenezwa kiwe dhaifu makusudi, ili kikatike chenyewe na fremu ipone, lakini karibu kila modeli ina chake na hutakipata dukani Wang'uru. Beba cha akiba, kina uzito wa ufunguo wa mlango. Usipokuwa nacho, toa mkono wa gia kabisa, kata cheni kwa kifaa chake na uiunge fupi kwenye gia moja ya katikati. Utafika, ila polepole.

Kwa hiyo gurudumu likianza kuwa zito, shuka. Kwangua tope kwa kijiti kuanzia kwenye fremu, kisha breki, kisha cheni. Wala usiisukume baiskeli ikijiviringisha topeni, kwa kuwa inaokota vilevile. Ibebe.

Na usiioshe mferejini, wala usitumbukize miguu kujipoza. Kichocho kiko Mwea, na kimekuwako miaka mingi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, mara nyingi bila mtu kuhisi lolote. Lita moja ya maji ya bomba ndani ya chupa yenye kifuniko kilichotobolewa inatosha kusafisha cheni na breki. Tunashangaa jambo hili halikupata hata mstari mmoja katika makala ya kurasa mbili.

Mwea yenyewe ni njia nzuri, tena tambarare, na unaweza kufika kutoka Nairobi asubuhi na kurudi jioni. Iko kama kilomita 100 kutoka mjini. Muda wake ni Januari na Februari, baada ya mavuno. Shika barabara za kuhudumia mifereji mikubwa inayotoa maji kwenye mito ya Thiba na Nyamindi, zile ambazo matrekta hupita na ambazo mahali pengi zimemwagwa murram. Matuta membamba yanayogawa majaruba si njia. Ni mali ya mkulima, na ukibomoa ukingo kwa tairi, maji yake yanatorokea kwa jirani. Ukikutana na mama amebeba mzigo au mzee anaswaga ng'ombe, wewe ndiye unayeshuka, na salamu inatangulia. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, lilijengwa ili mashamba yapate maji misimu miwili kwa mwaka, basi usidhani kingo zitakuwa kavu kwa kuwa tu mvua haijanyesha.

Hata wakati wa kiangazi kuna mtego. Ukingo wa mfereji hukauka kuanzia ubavuni, hivyo nyufa ndefu hukimbia sambamba na maji, sawa kabisa na mwelekeo wako. Nyingine zinameza tairi ya milimita 40, nawe unarushwa upande wa mfereji. Endesha katikati ya njia, na ufa ukikatiza mbele yako uuvuke kwa pembe iliyo karibu na ya mraba. Kwenye malango ya maji shuka utembee, kwani saruji yake ni nyembamba na vyuma vyake hukamata usukani. Kwenye vidaraja, tazama mbao zimelala upande gani. Zikilala kwa urefu, pengo kati yake linaweza kumeza gurudumu.

Makala ilisisitiza baiskeli maalumu. Hebu tazama ubavu wa tairi la baiskeli ya Black Mamba inayobeba magunia ya mchele kwenye kingo hizohizo: limeandikwa 28 x 1½, upana wa karibu milimita 40. Huo ndio upana ambao wauza baiskeli za changarawe wanautangaza kama uvumbuzi! Baiskeli ya mtumba ya mlimani, ya chuma, isiyo na springi mbele, yenye tairi za inchi 26 kwa 1.95, inafaa Karura na inafaa Mwea. Afadhali pesa ziende kwenye tairi na pedi za breki.

Kuhusu presha, watu wengi hujaza kupita kiasi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 40 zisizo na tyubu aanze na psi 30 mbele na psi 33 nyuma, psi zikiwa namba za kwenye geji ya pampu. Mwenye tyubu aongeze hadi 38 na 42, la sivyo jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili yaliyopangana. Maji ya kuziba pancha, mililita 60 hadi 90 kila tairi, hukauka baada ya miezi miwili mitatu katika joto letu. Tikisa gurudumu karibu na sikio, na usiposikia maji yakicheza ndani ongeza. Na valvu nyembamba haikubali pampu ya kituo cha petroli bila adapta, kitu kidogo kama kokwa ya chungwa ambacho kila mtu hukikumbuka akiwa amekwama. Mwiba wa mgunga ukitoboa, pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu mpya, maana ncha hubaki imejificha kwenye mpira.

Masika yakiingia, nenda msituni. Karura ina hekta zaidi ya 1,000 kati ya Limuru Road na Kiambu Road, na makutano ya njia yana vigingi vyenye namba, hivyo huhitaji ramani ya simu. Fuata vibao vinavyoonyesha baiskeli ziende wapi, na punguza mwendo penye watembeaji. Hatari yake ni mizizi iliyolowa. Funga breki kabla ya mzizi, achia ukiwa juu yake, na uuvuke kwa pembe ya mraba. Ukifunga breki ukiwa juu ya mzizi, gurudumu la mbele linaondoka kama sabuni. Kwenye miteremko ya kwenda mtoni, majani makavu ya mikaratusi hufunika mashimo na huteleza hata pakiwa pakavu.

Jambo la mwisho ni matatu, kwa kuwa wengi watakwenda Mwea kwa matatu za barabara ya Embu. Kabla baiskeli haijapandishwa kwenye keria, weka cheni kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma ili mkono wa gia uingie ndani. Ilaze upande wa cheni ukitazama juu. Ukitoa gurudumu lenye breki ya diski inayotumia mafuta, chomeka kipande cha kadibodi kati ya pedi, kwa sababu makanga akigusa breki kwa bahati mbaya pedi zinafungana na gurudumu halirudi.

Tunawaomba mchapishe masahihisho kabla ya Machi: Mwea ni Januari na Februari, Aprili ni Karura. Na kwa njia zozote mtakazozichapa siku za usoni, wekeni rangi ya udongo kando ya idadi ya kilomita.

Mafundi wa baiskeli,
Kangemi, Nairobi