Dhoofika, dhoofisha, dhaifu

Mwanangu,

Insha yako ya ukame nimeisoma. Neno "dhoofika" na ndugu zake umewatumia mara saba, na mara tano hawakuwa mahali pao.

Kwanza matamshi, maana makosa ya maandishi huanzia mdomoni. Dh hapo ni ile ya dhahabu: ncha ya ulimi iguse meno ya juu. Ukiurudisha ulimi ndani utatamka "zoofika", na kesho utaandika hivyo hivyo. O mbili ni silabi mbili, dho-o-fi-ka, mkazo uko kwenye fi. Neno lina asili ya Kiarabu, na huko lina herufi ain katikati. Sisi hatuitamki, ikadondoka, irabu zikabaki zimegusana. Wengi hulijaza pengo hilo kwa h, wakaandika "dhahifu". Ni dhaifu.

Sasa mnyambuliko. "Ng'ombe wamedhoofu" inatosha kabisa, ingawa siku hizi wengi husema wamedhoofika. Kwa -ik- unaeleza hali tu, aliyeisababisha hatajwi. Kwa -ish- lazima awepo mtendaji: ukame umewadhoofisha ng'ombe. Ukigeuza sentensi hiyo, ng'ombe wamedhoofishwa na ukame. Wewe umeandika "wamedhoofika na ukame". Mitaani inapita, lakini katika insha andika "wamedhoofika kwa ukame" au "wamedhoofishwa na ukame". (Waandishi wa habari wanaipenda sana -ik- hii. Ukisoma "chama kimedhoofika", jiulize ni nani aliyekidhoofisha na kwa nini hakutajwa.)

Angalia na wakati. Ng'ombe waliodhoofika ukiwatazama sasa mbavu zinahesabika. Wanaodhoofika bado wako njiani, wakipata majani wiki hii huenda wakapona.

Dhaifu ni kivumishi kisichobadilika: mtoto dhaifu, watoto dhaifu, hoja dhaifu, madaraja dhaifu. Nomino yake ni udhaifu, na ukiwa mwingi sema udhaifu mwingi. "Madhaifu" utayasikia redioni, mimi siyapendi.

Kuhusu maana, kumbuka mnavyofundishwa madrasa kuhusu hadithi dhaifu, yaani zile habari zinazosimuliwa kutoka kwa Mtume. Kuiita dhaifu si sawa na kusema ni ya kutungwa. Ni kwamba mlolongo wa wapokezi wake una kasoro, kwa hiyo haiwezi kubeba uzito wa ushahidi. Pima hivyo kila mara: je, kitu hiki kilikuwa na nguvu yake yenyewe, na ndiyo iliyopungua?

Sasa sentensi zako. "Bei ya ng'ombe ilidhoofika." Bei hushuka. Thamani ya shilingi pia hushuka, ila shilingi yenyewe huweza kudhoofika dhidi ya dola, kwa sababu hapo tunaizungumzia kama mtu anayepigana mieleka.

"Mwanga wa taa ukadhoofika." Mwanga hufifia, na ukishafifia ni mwanga hafifu.

"Kamba ya ndoo ikadhoofika mkononi mwake." Ikalegea. Lakini kamba iliyokaa juani miezi mingi, nyuzi zikaanza kukatika moja moja, hiyo imedhoofika kweli, hata kama umeikaza mpaka mwisho. Tofauti hii ni muhimu: kilicholegea unakikaza, kilichodhoofika ukikikaza kinakatika.

"Wachuuzi walidhoofisha maziwa kwa maji." Waliyazimua. Zimua ni kupunguza ukali au uzito wa kitu cha majimaji, hata maji ya moto ya kuoga huzimuliwa kwa ya baridi. Ni neno zuri mno kuliacha life.

Na umemwita mkulima asiye na shamba "dhaifu". Huyo anaweza kuwa na misuli ya kubeba magunia mawili. Anachokosa ni sauti mbele ya wenye nguvu, kwa hiyo ni mnyonge, yule wa "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni".

Rekebisha hizo, uniletee kabla ya Jumamosi. Sentensi ya mwisho, "Punda alidhoofika, akalala, asiinuke tena," usiiguse.

Mama yako