Matela ya kuelea Bahi: mzigo mbele, beringi zipoe

Mhariri,

Mto Bubu unapojaza mbuga ya Bahi, wavutao matela ya kuelea kwa pikipiki za magurudumu manne wasirundike mzigo nyuma ya ekseli. Mkono wa tela huinuka, tairi za nyuma za pikipiki huzunguka bure topeni. Tela la kilo 250 likandamize ndoano kwa kilo 25 hivi.

Tela hilo la kilo 250, likiwa na sakafu ya mita 2 kwa 1, huelea likizama sentimita 13 tu, na mkondo huliburuta tela kando pamoja na pikipiki. Maji ya kasi? Msivuke.

Beringi ndizo hufa kwanza. Habu (kitovu cha gurudumu zilimo beringi) yenye moto ikizamishwa, hewa ndani husinyaa na kufyonza maji kupitia sili, yaani kizibo chake. Subirini ipoe. Grisi ikiwa nyeupe kama maziwa, fungueni, safisheni, pakeni mpya siku hiyohiyo.

Fundi wa matela,
Dodoma